Wati Tano Mpaka Lushoto

Jumamosi, 22 Februari

Nimemaliza kufunga antena. Mita arobaini za waya, kutoka ukuta wa jiko, juu ya mgrevilea, mpaka mwisho wa kihamba, shamba letu la migomba. Ncha ya mwisho nimeifunga kwenye masale, mimea iliyopandwa mpakani mwangu na shemeji yangu Filemon, na nimeifunga pale kwa makusudi. Mti mwingine wowote angeukata akasema alitafuta kuni. Sale la mpaka hakuna Mchagga anayeliwekea panga, hata awe na wazimu. Na Filemon hana wazimu, ana roho mbaya tu.

Nimepima redio. Mita themanini, wati 5.1. Mita arobaini, 4.6. Mita ishirini, 2.8. Mita kumi, 0.7. Nimeiunda mwenyewe kwenye meza ya jikoni, na kadiri unavyoipandisha masafa ndivyo inavyoishiwa pumzi, kama mimi na kilima cha parokiani. Haidhuru. Kwenda Lushoto nahitaji mita themanini tu. Mawimbi yake yanapanda juu na kuanguka karibu, milima ya katikati hayaijali.

Saa kumi na mbili jioni Mwalimu Godwin, aliyenifundisha Morse, alinijibu kutoka Lushoto baada ya kumwita mara mbili. Akauliza anavyouliza siku zote: WATI NGAPI? Nikagonga: TANO. Akasema nasikika kama niko chumba cha pili. Nimeweka alama ya chaki kwenye kizungushio cha kisanduku cha kulinganisha antena, nisihangaike tena.

Jumamosi, 1 Machi

Wati 5.0. Dakika arobaini juu ya mbuzi wa binti yake na goti lake. Neno langu sikumwambia. Wiki ijayo.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Filemon alikaa benchi la mbele yangu, paji limepakwa, mnyenyekevu kama sanamu. Sikumpa shikamoo. Ni mwaka mmoja na miezi minne sasa simpi, ingawa ni mkubwa wangu na wote wanaona.

Naandika sababu, nikisahau nisome hapa. Tulikuwa tumemzika mume wangu Ronald siku tatu tu. Ukoo umekaa uani, ndizi za machalari hazijapoa, Filemon akasimama: "Sasa hizi waya za marehemu zishushwe. Zitaita radi kwenye ng'ombe. Na mama mjane kukaa anaongea na hewa, si picha nzuri." Waya za marehemu! Ronald hakuwahi kushika hata swichi ya redio ile. Miaka thelathini na mitano mimi ndiye niliyegonga Morse ofisini na nyumbani, yeye akiniletea chai.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imeanza alfajiri, ile yenyewe. Wati 4.9.

Mwalimu aliniita saa kumi na mbili kamili: UPO? UPO? Nikajibu. Akaita tena. Nikajibu. Nilimjibu mara ishirini na mbili, nimehesabu, na kila mara yeye: SIKUSIKII. UPO? Mimi namsikia wazi, radi zikipasuka katikati ya herufi zake, na yeye hanisikii kabisa. Nimelala nimekasirika.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu Stella amenipigia kutoka Soweto, mjini Moshi. "Mama, si umpigie tu simu?"

Nimempigia kelele, maskini. Naye anajua. Mwalimu ana miaka themanini na nne. Koo limekatwa mwaka juzi, sauti haipo. Macho yana ukungu, hawezi kusoma ujumbe. Alichobaki nacho ni kidole kimoja na masikio. Ukitaka kumpa neno kwa simu unampa binti yake Magreth, naye anampigia kelele sikioni, nyumba nzima inasikia.

Na neno langu haliwezi kupita kwa Magreth. Kwa mtu yeyote mwingine sawa, kwake hapana.

Mwaka 1986 nilikuwa na mwaka mmoja kazini, zamu ya mchana, napiga soga na mwenzangu huku nagonga telegramu ya msiba kwenda Same. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Mimi nikatuma Jumamosi. Kijana akafika amebeba shada, mama yake yuko chini siku mbili. Alikuja ofisini, hakupiga mtu, alikaa sakafuni. Mkubwa akauliza ni mkono wa nani. Mwalimu Godwin, kiongozi wa zamu, akasema: wangu. Wakamhamishia Kigoma miaka sita kama adhabu. Mke akabaki Moshi na mtoto mchanga, na huyo mtoto ndiye Magreth. Mimi sikusema neno. Nilinyamaza siku ile, nikanyamaza miaka sita, na aliporudi tukanywa chai nikanyamaza. Mwezi uliopita ndipo nimeamua kumwambia, kwa mkono ule ule uliokosea.

Jumamosi, 15 Machi

Wati 4.8. SIKUSIKII.

Kizungushio hakikai tena kwenye chaki. Lazima nikivute pembeni, karibu robo ya mzunguko, ndipo sindano itulie. Maana yake waya umebadilika. Waya haubadiliki wenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemkamata! Saa tano asubuhi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikamwona Filemon upande wake wa mpaka, mikono yote miwili juu, kwenye waya wangu. Nilipiga yowe mpaka kuku wakaruka. "Toa mkono! Toa mkono wako hapo!"

Alishusha mikono. Alifungua mdomo, nikamwambia aufunge. Akaokota kikapu akaenda zake.

Jioni: wati 4.6. SIKUSIKII. Ningeshangaa kama angenisikia.

Alhamisi, 27 Machi

Jumuiya ilikuwa kwa mwenyekiti wetu, mama Winfrida. Tulisoma Injili, tukafika kwenye nia za sala, kila mtu anaombea mvua na wagonjwa. Ilipofika zamu yangu nikasema: "Tuwaombee wanaofunga Kwaresima mdomo huku mikono inaharibu waya za wajane."

Hata mtoto wa jirani aliacha kulia. Wote wakamtazama Filemon, kwani nani hajui waya ziko wapi. Yeye akatazama kofia yake magotini.

Winfrida akasema, "Mama Stella, maneno hayo si ya sala."

"Basi yachukueni kama matangazo," nikasema, nikatoka.

Nilijisikia vizuri mpaka njia panda. Baada ya hapo sikujisikia vizuri, lakini sikurudi.

Jumatano, 2 Aprili

Nimebadilisha transista za kutoa nguvu na kusuka upya koili zote. Stella alinitafutia vifaa mjini. Nimepima kwenye kopo la rezista, lile linalomeza nguvu yote ikawa joto badala ya kwenda angani: mita themanini 5.0, arobaini 4.5, ishirini 2.8, kumi 0.7. Redio ni nzima. Kwa hiyo ni mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Jua halijaonekana siku sita. Sola haina kazi, betri imeshuka, na betri ikishuka wati zinaifuata. 3.9. Umeme wa nyumbani siutumii, unaleta mvumo redioni.

UPO? UPO? SIKUSIKII LUKRESIA. Leo ametaja jina langu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Ndizi tatu zimeanguka na mikungu yake.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Mchana palikuwa na jua la saa tatu hivi, kila kitu kikakauka, nikajaribu mita ishirini kwa hasira tu. Wati 2.6. Akanijibu mtu wa Italia! Ananisifia! Italia wananisikia, Lushoto hawanisikii. Nilizima redio bila kumuaga vizuri, Mungu anisamehe, alikuwa mtu mstaarabu.

Jioni mvua ikarudi.

Jumamosi, 19 Aprili

Wati 3.4. Sikusikika. Nimefika kwenye mkesha wa Pasaka nimechelewa, nimekaa nyuma.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Tulipoambiwa tutakiane amani, Filemon aligeuka na kunipa mkono. Nilimpa vidole viwili. Stella aliona, akanikanyaga mguu.

Nyumbani akaniambia, "Mama, una uhakika ni baba mkubwa?"

"Nilimwona kwa macho yangu."

"Ulimwona anafanya nini?"

Nikamwambia ale kiburu chake.

Jumamosi, 26 Aprili

Wati 3.1. Magreth alipiga simu kabla ya saa kumi na mbili. Uvimbe wa koo umerudi. Upasuaji ni Dar, Jumatatu tarehe 12 Mei, wanaondoka Lushoto Jumapili. Daktari amewaambia wajiandae kwa lolote.

"Anauliza mbona umemnyamazia, shangazi. Namwambia unamsikia, hataki. Anasema kama unamsikia ungejibu."

Nilimwahidi yule mtoto kwamba baba yake atanisikia. Mtoto nasema, ana miaka arobaini. Zimebaki Jumamosi mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Imebaki moja. Betri imechoka, wati 2.4. Niligonga mpaka kifundo cha mkono kikawaka moto. Mwishoni akatuma: NASIKIA KITU MBALI SANA. SIJUI KAMA NI WEWE. USIKU MWEMA KAMA NI WEWE.

Filemon, kama mzee huyu ataondoka hajanisikia, sitakuzika. Naandika hapa na siogopi.

Alhamisi, 8 Mei

Leo naandika polepole, kwa sababu sitaki kuandika kabisa.

Asubuhi nilikwenda mpakani na simu, nipige picha ushahidi niupeleke kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilitaka picha ya mahali alipokata au alipofunga upya. Sikuwa nimekwenda pale tangu Februari, maana nilikuwa nimeapa sitauangalia uso wake, na ukisimama pale unatazamana na mlango wake.

Fundo ni langu. Halijaguswa. Waya ni mzima.

Lakini masale! Februari yalikuwa makavu, yamejikunyata, waya unaning'inia juu yake peke yake. Miezi miwili ya mvua yamepanda, yamejaza majani mapya manene, yamefunga waya kama mita tatu nzima, yanachuruzika maji. Ncha ya waya wangu imelala kwenye kitanda cha majani mabichi tangu masika yaanze. Wati zote zimeteremka humo, kwenye majani, kwenye mizizi, ardhini. Kipimo changu kilikuwa kinasema kweli kila siku: tano zimetoka redioni. Zilikofika hakikuwa na habari nako.

Nilichukua mti wenye panda, ule wa kutegemezea migomba, nikauinua waya nikausimamisha juu. Nikakimbia ndani. Kizungushio kikarudi kwenye chaki ya Februari, pale pale.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilifundishwa. Mwalimu Godwin mwenyewe, ubaoni, mwaka 1984: ncha ya waya ndipo nguvu inaporuka juu kabisa, isiguse kitu kibichi. Nililijua hilo kama Baba Yetu. Lakini siku ninafunga sikuwa nawaza waya, nilikuwa nawaza Filemon. Nilitafuta mahali ambapo yeye hawezi kukata, nikapapata.

Nilirudi kuangalia. Mti ulikuwa umeshaanguka. Upepo kidogo tu.

Kuyakata majani yale siwezi. Si yangu peke yangu. Masale ya mpaka hayapunguzwi bila pande zote mbili kusimama pale, na upande wa pili nimeutukana katikati ya sala.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda. Nilichuma jani moja la sale, kutoka mpaka ule ule, nikalishika mkononi kama bibi zetu walivyofanya, nikapita getini kwake. Ukiletewa sale hukatai msamaha. Ndiyo sababu watu wanaogopa kulibeba: unayempelekea hana ujanja, na wewe huna pa kujificha.

Filemon alikuwa anamkamua ng'ombe. Shikamoo sikuiweza bado, kwa hiyo nilitanguliza jani.

Alifuta mikono kwenye suruali, akalipokea.

"Nimekusingizia," nikasema. "Mbele ya watu. Ni majani ndiyo yaliyokuwa yanakula nguvu, si wewe."

"Najua ni majani."

"Unajua?"

"Tangu Machi. Nilikuwa naona mvua ikinyesha yanazidi kuulalia ule waya. Siku ile ulipopiga yowe nilikuwa nayabandua. Nilikuwa nimebandua nusu."

"Kwa nini hukuniambia? Miezi miwili, Filemon! Mtu anakufa Lushoto!"

"Mimi ningejua wapi habari za Lushoto? Na ungenisikia, mama Stella?" Hakupaza sauti. "Mwaka na nusu hunipi hata salamu."

Nilimwambia kuwa yeye ndiye aliyeanza, pale msibani. Akasema ni kweli. Akasema aliiogopa radi. Baba yao alipoteza ng'ombe wawili kwa radi yeye na Ronald wakiwa wadogo, aliwaona wamelala. "Lakini pale si pahali pa kusema. Nililijua nilipokwishakaa."

Jani alikuwa amelishika bado. Nikamweleza yote, Mwalimu, upasuaji, kesho saa kumi na mbili. Akasema tuufunge waya kwenye mparachichi wake, uvuke juu ya masale. Tumeufunga jioni hii, yeye juu ya ngazi na mimi nikimwambia anakosea.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua kutwa. Betri volti 11.1, wati 2.0 kwa mita themanini. Nilijaribu arobaini, 1.7, nikarudi.

Saa kumi na moja na nusu upepo ukashuka kutoka mlimani, tawi la mparachichi likainama na kamba ikateleza. Niliona kwa dirisha waya ukishuka taratibu na kulala kwenye masale, kama ng'ombe aliyezoea zizi lake. Nilitukana, na sitaandika nilisema nini, daftari hili lina msalaba kwenye jalada.

Nilitoka mbio. Filemon alikuwa ameshafika, hana koti. Ngazi haikusimama kwenye tope. Tulijaribu mara mbili. Ilikuwa imebaki dakika nane.

"Leta ule mti wa migomba," akasema.

"Hausimami. Nilijaribu juzi."

"Utasimama, nitaushika."

Upande wa Rombo kulikuwa kunanguruma, mbali, lakini kunanguruma. Alitazama kule. Nami nilitazama kule. Nilimwambia ni mbali, na mti ni mkavu ndani, na wati mbili haziui hata nzi. Yote kweli. Lakini uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeona ng'ombe wawili wamelala.

"Nenda," akasema. "Nenda kagonge."

Niliingia nimelowa mpaka ndani. Kizungushio kwenye chaki. Saa kumi na mbili kamili: UPO?

NIPO.

Jibu likaja haraka, kwa mkono ule ule wa mwaka 1984: LUKRESIA. NAKUSIKIA. NAKUSIKIA.

Nililia juu ya kigongeo, mkono ukaendelea peke yake. Sikuzunguka. Nikagonga: ILE TELEGRAMU YA SAME ILIKUWA MKONO WANGU. NILIJUA SIKU ILE ILE. NIKAKUACHA UENDE KIGOMA. NIKAMWACHA MAGRETH BILA BABA MIAKA SITA. NISAMEHE.

Radi ikapasuka kwenye spika. Nikangoja.

NAJUA, akagonga. NILIKUWA NIMEKAA NYUMA YAKO. NILIKUSIKIA UKIKOSEA, NIKACHELEWA KUKUZUIA, NILIKUWA NAKUNYWA CHAI. TULIKOSEA WOTE WAWILI. NIMEKUSAMEHE ZAMANI, NILIKUWA NANGOJA UNIAMBIE ILI NAMI NIKUAMBIE.

Miaka thelathini na tisa! Yule mzee naye! Nilicheka na kulia na nikakasirika, vyote pamoja, nikamwambia amenionea. Akakubali. Halafu akauliza anavyouliza siku zote: WATI NGAPI?

Nikaangalia kipimo. Nikaangalia dirishani.

MBILI, nikagonga. NA SHEMEJI.

Ikabidi nimweleze, naye akacheka, ile HI HI yake, akataka kujua huyo shemeji ana miaka mingapi na ana afya gani. Tukapita kwa Ronald, kwa kijana wa shada, kwa mbuzi. Akaniambia anaogopa. Nikamwambia na mimi. Tulipoagana zilikuwa zimepita dakika hamsini na tatu.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna mtu aliyemwambia Filemon ashushe mti.

Nilitoka na tochi. Alikuwa pale pale mpakani, ametanua miguu kwenye tope, mti wenye panda umeinuliwa juu ya masale, mikono inatetemeka mpaka waya wote unatetemeka, maji yanamtoka kwenye kidevu.

"Amesikia?" akauliza.

"Amesikia yote," nikasema. "Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama Stella. Sasa nishushe?"